Fundi Mcha na Mashine Iliyofukizwa

Mtaa wa Mlandege una mafundi wa kompyuta kumi na wanane na dawa moja. Ukenda na mashine inayozimika ovyo, dawa yake ni kupiga windo upya, yaani kufuta kila kilichomo na kuitia programu zake upya. Ukenda na mashine isiyotoa sauti, dawa ni ile ile. Ukenda na mashine iliyoanguka kutoka ghorofa ya pili, fundi ataitazama kwa huruma, atatikisa kichwa, halafu atakwambia, "Hapa tupige windo kwanza, tuone." Picha za arusi yako na barua zako za miaka minane zitaondoka na dawa hiyo, na wewe utaambiwa ushukuru, maana mashine sasa ni nyepesi. Ni kweli, ni nyepesi. Hata nyumba iliyoibiwa huwa nyepesi.

Fundi wa kumi na tisa ni Mcha Kheir, mtu wa Makunduchi, kijijini, na huyo ndiye anayewaharibia wenziwe jina. Ana miaka thelathini na nne na kibanda chenye upana wa mlango na nusu, na ana tabia mbili zilizomkosesha wateja wengi. Ya kwanza, mashine ikiletwa haigusi. Anauliza kwanza, "Imekula nini?" Yaani nini kilitokea kabla haijaanza kuumwa: umeme ulikatika, ilihamishwa, paka alilala juu yake? Wateja hawalipendi swali hili. Mtu hakutoka kwake na jua lote lile kuja kuhojiwa kama yeye ndiye mwizi. Tabia ya pili ni mbaya zaidi. Akiwa hajui, Mcha husema, "Sijui."

Tabia zote mbili kazitoa kwa mama yake, Bi Mwanamkasi, ambaye mpaka leo anaamini mwanawe anatengeneza televisheni. Bi Mwanamkasi akichagua choroko kwenye ungo hatazami fungu, anatazama punje. Jirani zake huwa wameshapika, wameshakula na wameshalala, naye bado yumo kwenye ungo. Lakini hapana mtu aliyewahi kuvunjika jino kwa choroko yake.

Neno "sijui" lilimfukuzia Mcha watu wengi, likamletea mmoja. Badria, mwalimu wa hesabu, alileta laptopu yake kwa mafundi wanne, na wote wanne walijua kila kitu. Mcha alisema, "Sijui. Niachie mpaka kesho, ntajua." Badria alirudi kesho, naye alikuwa ameshajua. Akarudi na kesho kutwa, ijapokuwa laptopu haikuwa na kosa tena.

Kwa hivyo Mcha akaposa. Wazee watatu walitoka Makunduchi na kanzu zilizopigwa pasi, wakaipeleka barua mjini, Kiponda, nyumbani kwa Bi Zeyana, mama yake Badria. Wakakirimiwa kahawa na halua, wakaambiwa, "Tumepokea. Tupeni muda tutazame." Bi Zeyana akaitia barua kabatini, na muda ukaanza kwenda. Siku ya ishirini Mcha aliacha kuhesabu. Siku ya ishirini na moja alianza tena.

Bi Zeyana hakuwa na ugomvi na Mcha. Ugomvi wake ulikuwa na ramani. Nyumba yake ina mlango wa nakshi uliopigwa picha na watalii wa nchi zote, na ndani imetundikwa shajara ya ukoo, majina ya mababu kwa wino wa dhahabu, pahala pale pale ambapo mvua hupenya darini. Kila masika babu mmoja hufutika. Hata hivyo waliobakia walitosha kumzuia mtu wa shamba. Baba yake Badria alishafariki, na kisheria walii wake wa kumwozesha alikuwa ami yake, Abrahman, aliyekaa Pemba. Kwa vitendo walii alikuwa Bi Zeyana, na Abrahman alikuwa saini yake.

Bi Zeyana hutengeneza kadi za arusi. Ana kompyuta ya mezani aliyoinunua pale hoteli moja ilipouza vyombo vyake, na kwa mashine hiyo nusu ya Mji Mkongwe imeshaalikana. Kadi zake zina maua pembeni, dhahabu katikati, na majina ya wazazi makubwa kuliko ya maharusi, kama inavyostahiki. Amewaozesha mabinti wa watu wote. Wa kwake, mwenye miaka ishirini na tisa, barua yake ilikuwa kabatini.

Siku ya arobaini na tatu, Jumapili asubuhi, Bi Zeyana akatokea Mlandege mwenyewe. Baibui limenyooka, na nyuma yake hamali kaibeba kompyuta kichwani kama sinia la biriani.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba. Wewe ndo fundi?"

Alijua kama yeye ndo fundi. Jina lake, la baba yake na la babu yake yote alikuwa nayo nyumbani kwa maandishi. Mcha naye alijua kama anajua. Lakini adabu ya mjini inataka mchumba asiyejibiwa awe haonekani, na Mcha, ijapokuwa ni mtu wa shamba, alijitahidi kutoonekana.

"Ndimi, Bi. Karibu."

"Nshafika kwa wenzio. Huyo jirani yako kaipiga windo mara tatu. Kasema ina virusi."

Jirani huyo ni Ahmada, mwenye kibanda cha upande wa kulia. Akachungulia bila ya haya. "Vikali, Bi Zeyana! Vile ni virusi vya Dubai!"

Virusi ni mtuhumiwa mzuri sana. Hana ukoo, hana wakili, na hapana aliyewahi kumwona akatoka kibandani kwa miguu yake.

"Inafanyaje?" Mcha akauliza.

"Naandika jina la bibi arusi, kioo kinakuwa buluu, kinanitolea maneno ya Kizungu, halafu inajizima. Siku nyengine haiwaki kabisa, inalia tu, tii, tii, tii. Na kadi niloiweka jana, leo haifunguki."

"Imekula nini?"

"Nini?"

"Kabla haijaanza hivi, Bi. Pana kitu kilichobadilika? Maji, vumbi, pengine ilihamishwa…"

Bi Zeyana akajikusanya. "Mashine yangu iko ukumbini, juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha almaria. Vumbi inalisikia tu kwa watu. Labda huko kwenu ndo mnaiweka kompyuta banda moja na kuku."

Ahmada akacheka kwa sauti, kusaidia.

"Nnazo kadi mia tatu za arusi ya mtaa wa Malindi," Bi Zeyana akaendelea, "na zinatakiwa wiki ijayo. Mashine naitaka Jumatano. Jumamosi shemegi yangu Abrahman anakuja kutoka Pemba, tuna kikao chetu cha nyumbani. Sitaki kelele za mashine kichwani mwangu." Maneno "kikao chetu cha nyumbani" aliyasema huku akiitazama feni. Akaondoka, na hamali nyuma yake.

"Haya, Mmakunduchi," Ahmada akasema. "Ukiitengeneza umeoa. Ukiiharibu umebakia na sisi."

Hakukosea, na ndilo lililomuuma Mcha.

Mcha alipofungua ubavu wa mashine, harufu ilimpiga usoni kama amefungua chumba cha bibi arusi. Udi. Akatabasamu. Nyumba gani ya mjini hainuki udi? Akaliwacha lipite, na kuliwacha kwake kulikuja kumgharimu.

Ndani mlikuwa na vipande viwili vya memori, vimesimama wima kwenye matundu yao. Memori si kabati la kompyuta, ni meza yake ya kazi. Kadi zote zimo kabatini, na ikitaka kuandikwa moja hutolewa ikatandazwa mezani. Meza ikiwa na mguu mbovu wino humwagika, kadi huchafuka, na ikirudishwa kabatini hurudi ikiwa chafu. Hapo mafundi wa Mlandege hulichoma moto kabati, na meza wakaiacha pale pale.

Mcha akachomeka flashi yenye programu ndogo inayofanya kazi moja tu. Inaandika kitu katika kila pembe ya memori, halafu inakirudia kukisoma, kama mwalimu wa chuo cha Kurani anayesikiliza wanafunzi mmoja mmoja. Aliyehifadhi anapita kimya. Aliyesahau anaandikiwa mstari mwekundu. Haikupita robo saa, kioo kizima kikawa chekundu.

Fundi mwengine angeliishia hapo akasema memori ni mbovu, na angelikuwa amesema kweli isiyo na faida, kama mtu anayesema choroko ina mawe. Ipi? Mcha akakitoa kipande cha pili, akakiacha cha kwanza peke yake. Akakisikiliza tangu adhuhuri mpaka anafunga kibanda, hakikutoa hata mstari mmoja. Jumatatu akakitoa hicho, akakitia cha pili kwenye tundu lile lile. Chekundu. Akakihamishia tundu jengine. Chekundu. Akakirudisha kile kizima kwenye tundu hilo jengine. Kimya. Basi matundu yana heri, na mgonjwa kajulikana kwa jina.

"Siku ya pili hii unatazama kioo!" Ahmada akamwambia. "Mie ningeshapiga windo sita."

"Na ingekuwa imepona?"

"Ingekuwa imeondoka."

Mcha akakitazama kile kipande kibovu kwa lenzi. Meno yake ya dhahabu, yale yanayokaa ndani ya tundu, yameota kutu ya kijani na ukungu mweupe. Akayasugua kwa raba ya kufutia penseli, dawa ambayo huwafufua wengi. Yakang'ara, akapima tena. Chekundu. Hiki kilikuwa kimekwenda na mambo yake.

"Bahari," akajisemea kuhusu ile kutu. Mji Mkongwe kila kitu husingiziwa bahari: makufuli, magoti, na ndoa zinazovunjika. Mcha, ambaye huwakebehi wenziwe kwa virusi, akachukua virusi vyake akaviita chumvi.

Kazi iliyobaki ni kutafuta badala yake. Ahmada alifika na kipande mkononi kabla hakuitwa.

"Hichi hapa. Kipya. Kikubwa mara nne."

Mcha akakilaza kando ya kile cha zamani. Kila kipande cha memori kina pengo dogo kati ya meno yake, na pengo la hiki lilikuwa pahala pengine. "Hichi cha kizazi cha sasa, Ahmada. Bodi ya Bi Zeyana ya kizazi kilichopita. Hakiingii."

"Kisukume kidogo."

"Ahmada!"

"Basi hichi. Pengo sawa, kizazi sawa. Wallahi kipya."

Mcha akakwangua kwa ukucha karatasi iliyoandikwa ukubwa wake. Chini yake mlikuwa na karatasi nyengine, yenye nusu ya ukubwa ule. Wakatazamana.

"Nami nimedanganywa!" Ahmada akasema kwa uchungu wa kweli, akakitia mfukoni, na alasiri akamuuzia mtu.

Mcha akenda zake Darajani, duka moja juu ya wauza misumari, kile kibovu kimo mfukoni ndani ya karatasi. Hakuomba kikubwa wala kinachong'ara. Aliomba kizazi kile kile, umbo la kompyuta ya mezani wala si la laptopu, kasi ile bodi inayoiweza, na umeme ule ule ulioandikwa ubavuni. Hakutaka kimoja, alitaka viwili vilivyotoka kiwandani pamoja, kwa sababu vipande vya watu mbalimbali huweza kukaa tundu kwa tundu mwaka mzima bila ya kuelewana. Mwenye duka akamwambia, "Fundi, wewe unachagua memori au unachagua mke?" Mcha akasema mke alishamchagua, shida ilikuwa kwengine.

Akavitia, akavipima tangu Jumanne mpaka Jumatano mchana. Hapana mstari hata mmoja. Alasiri akaipeleka Kiponda mwenyewe. Bi Zeyana akampokea barazani.

"Imepona?"

"Imepona, Bi."

"Tutaona," akasema, na mlango wa nakshi ukafungwa kwa heshima zote.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, teksi ikasimama Mlandege akashuka Badria. Mashine ilikuwa kiti cha nyuma.

"Imekufa," akasema.

"Nlijua!" Ahmada akadakia. "Nshampigia simu Bi Zeyana asubuhi nkamwambia, memori aliyotia Mcha feki. Mie sipendi fitina, lakini mteja ana haki yake."

Badria hakumtazama. "Mcha, mama hasemi kitu. Anatembea ukumbini, anasema 'Tutaona, tutaona.' Ami yangu anafika kesho. Unajua mama akiacha kupiga kelele maana yake nini."

Mcha alijua. Siku arobaini na nane, na barua inarudi na kashfa. Mtu wa shamba, tena fundi mbovu. Wa shamba peke yake pengine ingelisameheka.

Ulimi ukafuata njia yake. "Imekula nini?"

"Haikula kitu. Jana ilikuwa nzima mpaka magharibi, mama kachapa kadi kumi. Halafu akafukiza nyumba, si ilikuwa Alkhamisi. Halafu…"

Mcha alikuwa ameshashika bisibisi.

Ubavu ulipofunguka, juu ya kimoja cha vile vipande vipya palikuwa na tone la maji, zima, linang'ara kama kwamba mtu kalifuta akaliweka. Mcha akaligusa kwa kidole, akakinusa. Mawaridi.

"Anaifukiza na mashine?"

"Anaanza nayo," Badria akasema taratibu, kama mtu anayefanya hesabu ubaoni huku jawabu inamtisha. "Kila Alkhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa. Chetezo anakiweka chini ya meza, moshi uingie kwa chini. Halafu anashika mrashi, anairushia marashi kwa juu, pale penye vitundu. Mara tatu. Miezi sasa, tangu apate kazi ya Malindi. Anasema pana watu wana jicho na mashine yake."

"Inawaka wakati huo?"

"Lazima iwake. Anasema kitu kilicholala hakipokei dua."

Mcha akakaa chini. Kumbe ile kutu haikuwa ya bahari. Yalikuwa marashi mazuri, ya chupa ya bei, yaliyomwagwa kwa nia safi katika kitu pekee ndani ya nyumba kisichopenda kurushiwa maji.

Ahmada, aliyekuwa akisikiliza kwa masikio yote mawili, akashauri. "Rahisi hivo! Mwambie virusi. Kausha, mrudishie. Ijumaa ijayo ikifa, kausha tena. Mkwe na mteja wa kila wiki katika mtu mmoja! Nani kapata bahati hiyo?"

"Badria?" Mcha akauliza.

"Ukimwambia mama kuwa udi wake unaua mashine, atakuchukia yeye," Badria akasema. "Ukimwambia virusi, ntakuchukia mie. Chagua." Akaingia ndani ya teksi akaondoka, maana hakuwa na la kuongeza.

Mcha akavitoa vile vipande, akavifuta kwa spiriti, akasugua meno kwa raba, akaviacha mbele ya feni, akavipima. Vyote viwili vilikuwa hai. Asubuhi ya pili akaibeba mashine, akakata vichochoro vya Kiponda akiwa amevaa kanzu, akijilaumu njiani kwa nini amevaa kanzu.

Ami Abrahman alishafika. Alikuwa amelala kochini chini ya shajara, kikofia kimemwangukia puani. Bi Zeyana amekaa wima kwenye kiti. Pazia la chumba likatikisika kidogo, na kwa vile hapakuwa na upepo, lile lilikuwa Badria.

"Haya, fundi," Bi Zeyana akasema. "Mwenzio kasema memori feki."

"Si feki, Bi. Iliingia maji."

"Maji ya wapi? Dari ya upande huu haivuji."

"Ya mrashi."

Mrashi wenyewe ulikuwa mezani, wa fedha, shingo ndefu, unawatazama.

"Udi hauna kosa sana, Bi," Mcha akaendelea haraka, "moshi wake unaganda kwenye feni, lakini unafutika. Marashi ndo yanayoingia kwa vitundu vya juu yakaifikia memori. Kile kipande cha mwanzo kilikula marashi miezi, mpaka kikafa. Hivi vipya nimevikausha. Marashi ndo yaliyoiua mashine, Bi."

"Marashi yanajirusha yenyewe?"

"Hapana, Bi."

"Basi sema."

Virusi walikuwa hapo hapo mlangoni, wako tayari, hawadai malipo. Mcha akawapita. "Ni wewe, Bi Zeyana. Hukujua, lakini ni wewe."

Kukoroma kwa ami Abrahman kukakatika. Bi Zeyana akamtazama kijana kuanzia kofia mpaka viatu, akarudi mpaka kofia.

"Huko kwenu si ndo mnapigana kwa migomba?"

"Siku moja kwa mwaka, Bi. Kila mmoja anatoa lake la moyoni, halafu tunasameheana."

"Sisi mjini hatupigani."

"Najua, Bi."

Kweli, mjini hawapigani. Bi Zeyana na jirani yake wa mlango wa mbele hawajapigana hata siku moja tangu suala moja la birika lililoazimwa lisirudi, na mwaka huu wanatimiza miaka kumi na tisa bila ya kusemeshana.

"Na hasad, jicho la watu?" Bi Zeyana akauliza, na sauti ikawa ndogo kidogo. Ile haikuwa sauti ya shajara. Ilikuwa sauti ya mjane aliyewahi kuwa na vitu vingi vikaondoka kimoja kimoja, akabakia na mashine moja inayomlisha. "Mie nnailinda vipi, mwanangu? Hii ndo nnayokula."

"Isomee, Bi. Kusoma hakurowanishi."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa ili asicheke.

Bi Zeyana akasimama. "Sikiliza. Mafundi wote nlowapelekea mashine, kila mmoja kanambia virusi, na kila mmoja kala pesa yangu. Wewe umekuja kunambia mie ndo virusi. Sawa. Alkhamisi hii sitii marashi. Ntafukiza vyumba vyengine vyote. Ijumaa mashine ikiwa nzima, yako kweli. Ikilia tii, hata moja, basi wewe na memori zako na barua yako…"

Neno "barua" lilikuwa limeshatoka, na katika nyumba ile halikuwahi kutamkwa tangu siku ya halua. Ami Abrahman akafumbua jicho moja kulitazama, akalifumba.

Wiki hiyo Mcha hakupima mashine ya mtu, alipimwa yeye. Kila simu ilipolia alisikia tii. Ahmada, kwa wema wake, alimletea chai kila asubuhi na kumuuliza kama atakiuza kibanda. Alkhamisi ikaingia, jua likatua, na Mji Mkongwe wote ukanuka udi. Mcha akakaa Mlandege kwenye kiti chake akiomba mwanamke mmoja, Kiponda, aweze kuuzuia mkono wake.

Ijumaa hakusikia kitu. Jumamosi akaitwa.

Mashine ilikuwa inawaka, printa inatema kadi za Malindi, dhahabu katikati, majina ya wazazi makubwa. Zilishafika mia mbili na themanini. Ami Abrahman, aliyekuja kwa siku mbili, alikuwa bado yuko kochini, kwa vile mchuzi wa Kiponda si wa kukimbiliwa. Bi Zeyana kasimama katikati ya ukumbi, mrashi mkononi.

"Tangu juzi mkono unaniwasha," akasema. "Nimefukiza makabati, nimefukiza friji, nimemfukiza na Abrahman. Marashi nshayatia ndani ya mrashi, siwezi kuyarudisha chupani. Nyumba hii hatumwagi marashi."

Akaunyanyua. Mcha, bila ya kufikiri, akapiga hatua moja akasimama baina ya mrashi na mashine, akaikinga kwa mgongo wake.

Bi Zeyana akamtazama pale alipo. Halafu akamrushia: mara moja kofiani, mara moja bega la kulia, mara moja bega la kushoto, kama anavyorushiwa bwana arusi anayepokewa mlangoni. Maji yakamteremka Mcha usoni, asijue afute au aache.

"Watu wenu wa Makunduchi," Bi Zeyana akasema, akiuweka mrashi mezani, mbali na mashine, "wanataka kadi ngapi?"

Mcha alilisikia swali, akalirudia moyoni, akalipima upande mmoja na upande wa pili. Halikuwa na kosa. Nyuma ya pazia kitu kikaanguka.

"Mia mbili, Bi. Na wengine watakuja bila ya kadi."

"Nlijua," akasema Bi Zeyana, akavuta kiti mbele ya kompyuta, akavaa miwani. "Jina la baba yako linaandikwaje? Na useme taratibu, sitaki makosa."

Ami Abrahman akanyanyua kikofia puani. "Zeyana, tumeshamjibu huyu kijana?"

"Lala, Abrahman," Bi Zeyana akamwambia. "Ukiamka utatia saini."